Kengele Alizozisikia Bibi

Hinterlahn, Tirol
7 Septemba

Kwa Bibi yangu Deolinda,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kulalamika kwamba mwandiko wangu umeharibika. Mimi mzima wa afya. Nyumba niliyofikia ni ya watu wema na wote wanakusalimu ingawa hawakujui: Ignaz baba mwenye nyumba, mkewe Burgl, na binti yao Lena, ambaye ni rika langu na tunalala chumba kimoja. Zizi liko ukuta kwa ukuta na jiko. Usiku wa kwanza nilisikia harufu ya kwetu, nikalala vizuri.

Maisha ya hapa nayajifunza polepole. Viatu vinavuliwa mlangoni, hata ukiwa umekuja kuuliza saa tu. Jioni hawapiki, wanakula mkate, jibini na matango ya siki, halafu wanatakiana usiku mwema saa ambayo kwetu Topo hata chungu hakijabandikwa. Jumapili huruhusiwi kupigilia msumari. Juzi nilitupa kikopo cha mtindi pamoja na kifuniko chake. Burgl akakitoa kwenye pipa, akavitenganisha mbele yangu, akasema kwa upole, "Mwanangu, hivi ni viwili." Lena alicheka mpaka akakaa chini.

Kabla shule haijafunguliwa, Lena alinipandisha malisho ya juu, kule ambako ng'ombe wa wakulima watano wa kijiji hukaa kiangazi kizima. Wanaangaliwa na mama mmoja anaitwa Vroni. Anawachunga, anawakamua, anatengeneza jibini, na ana sauti ya kuita meli. Mvua ikinyesha tulikaa naye ndani tukikunja karatasi nyekundu na nyeupe kuwa mawaridi ya taji. Ng'ombe wakishuka kijijini mwisho wa mwezi huu hupambwa, na kiongozi wao huvishwa taji kubwa. Kiongozi alikuwa Zenzi, ng'ombe wa Ignaz.

Nasema alikuwa kwa sababu Zenzi alianguka gengeni akafa. Lango la ukingoni lilikutwa wazi. Wanasema Vroni hakulifunga. Ni mambo ya mlimani, usihuzunike.

Jambo jingine, Bibi: kwa sasa sitapiga simu. Watu wa mpango wa kubadilishana wanafunzi waliotuleta huku wanasema mwanafunzi anayepiga simu nyumbani kila mara hazoei. Nitakuwa nakuandikia.

Mjukuu wako,
Iria


Topo, kisiwa cha São Jorge
20 Septemba

Iria mjukuu wangu,

Barua yako imevuka maji salama, nami nimeisoma dirishani nikiwa nimevaa miwani ya marehemu babu yako, maana yangu nimeikalia. Hapa sote wazima isipokuwa magoti yangu. Mama yako amepiga simu kutoka Kanada ananung'unika kwamba hata yeye humpigii. Mimosa amezaa ndama dume mwenye shingo ngumu na sauti nzito. Nimempa jina la paroko wetu, ila usimwambie mtu.

Kuhusu mkate wa jioni, vumilia. Ukirudi nitakupikia usiku wa manane ukitaka.

Zenzi amenisikitisha kama ninayemjua. Ng'ombe kiongozi hapatikani kila mwaka. Sasa nakuuliza jambo moja. Jumapili ile uliponipigia kutoka mlimani uliniambia simu inashika mahali pamoja tu. Nilisikia kengele. Mwanzo zilikuwa mbali, kisha zikawa karibu mpaka ukapaza sauti, kisha zikapita. Ulikuwa umekaa wapi?

Ni hilo tu. Vaa soksi nzito, na usijibizane na watu wazima.

Bibi yako,
Deolinda


Hinterlahn
3 Oktoba

Bibi mpenzi,

Natumaini magoti yamepatana nawe. Msalimie paroko, wote wawili. Shuleni nimeanza kuelewa hesabu na kemia, lakini historia bado inanipita. Walimu huingia kengele ikilia, si dakika baadaye, na mwanafunzi akichelewa darasa zima humgeukia. Kila kipindi kikiisha hufungua madirisha yote, hata kukiwa na baridi ya kukata masikio. Mimi huvaa koti, Lena ananiambia, "Wewe Mreno, hewa haijaua mtu."

Ng'ombe wameshuka Jumamosi. Nilikuandikia habari za taji, basi nikwambie: hawakuvaa taji. Hapa ng'ombe akifa mlimani, kundi lote hushuka bila mapambo. Kijiji kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na meza nje, bia, vijana wa tarumbeta, watoto mabegani mwa baba zao. Kundi la mtaa wa juu lilitangulia na maua yake, watu wakapiga makofi. Halafu wakatokea wa kwetu, vichwa vitupu. Tarumbeta zilinyamaza zenyewe. Wazee wakavua kofia. Nilikuwa natembea nyuma na fimbo, Ignaz mbele, Vroni katikati, na hakuna aliyemsalimia Vroni. Mama mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti kubwa tu, "Miaka yote hiyo mlimani, na lango limemshinda."

Vroni alisikia. Alitazama mbele.

Taji tulilotengeneza Burgl amelitundika zizini juu ya mlango. Kila asubuhi nikienda kuwapa ndama maziwa napita chini yake.

Sina mengine. Soksi ninazo.

Iria


Topo
12 Novemba

Iria,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu meli haikuja wiki mbili, na baada ya hapo ni kwa sababu sikujua niandike nini. Sijambo. Mvua imebomoa ukuta wa shamba la chini. Jirani yetu Belmira amemwoza binti yake wa mwisho, tumekula mpaka tukaoneana haya. Nilicheza wimbo mmoja, magoti yakalipiza siku tatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia tarumbeta, kofia za wazee na maneno ya yule mama mwenye mdomo. Umeandika vizuri, nimeona kila kitu. Nilichokiuliza sikukiona.

Labda umesahau. Sitauliza tena, wewe si mtoto. Ila nakumbusha msemo wa wahenga: mficha uchi hazai.

Nakupenda kama siku zote.

Bibi


Hinterlahn
8 Januari

Bibi,

Heri ya mwaka mpya, na unisamehe. Kadi yako ya Noeli imefika na asali imefika, na nimekaa kimya kama mtu asiye na mikono. Burgl ameipenda asali. Hapa theluji imefika madirishani na kila mtu anateleza kwa mbao miguuni, hata bibi wa rika lako. Mimi huteleza kwa makalio. Lena anasema ni mtindo wa kisiwani.

Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya lango.

Ndilo jibu la swali lako. Vroni na Lena walikuwa chini wakigeuza jibini, nami nikapanda ukingoni bila kuwaaga ili nikupigie, kwa sababu simu inashika pale tu, nje ya uzio. Nilifungua lango nikaliacha wazi, nikakaa karibu nalo nikimenya chungwa. Vroni alikuwa amenionya siku ya kwanza, "Ukipita, funga." Nilimsikia. Lakini, Bibi, nilifanya kama tunavyofanya kwetu. Wewe mwenyewe jioni huacha lango wazi ukakaa ukutani, ng'ombe wakapita mmoja mmoja kwenda kukamuliwa. Kwetu ng'ombe akipita langoni anakwenda nyumbani. Walipopita nyuma yangu sikushtuka hata kidogo. Niliona ni jioni, wanarudi. Kule hakuna nyumbani. Kuna majani hatua chache, halafu hakuna kitu.

Nilipokata simu ndipo nikamsikia Vroni anapanda anapiga kelele. Wengine waligeuka. Zenzi alikuwa mbele, ndiye kiongozi.

Ignaz alipopanda kesho yake, kabla hajauliza, Vroni alimwambia, "Lango ni langu." Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo. Sikusema kitu. Nilijiambia nitasema jioni, halafu kesho, halafu ng'ombe wakishuka. Sasa naona haya mpaka kula. Burgl ananiongezea chakula, namshukuru, nakwenda chooni kulia.

Vroni anaosha vyombo kwenye mkahawa wa watelezaji. Tarehe mbili Februari, sikukuu ya kubariki mishumaa, wakulima watano watakutana sebuleni kwetu kuamua nani atachunga kiangazi kijacho. Ndivyo ilivyo tangu zamani, siku hiyo mtu wa kazi hubaki au huondoka. Lena anasema Vroni ataondoka. Hana shamba wala mume, Bibi. Mlima ndio kwake.

Niambie nifanye nini.

Iria


Topo
19 Januari

Mjukuu wangu,

Leo siulizi hali wala sielezi habari za ng'ombe. Barua yako imefika asubuhi, nami nakaa kuandika kabla moyo haujapoa.

Nilijua. Si nilishuku, nilijua. Nimefuga tangu nikiwa na meno ya utoto. Kengele zinazotembea haziwezi kunipita. Ulisema kwenye simu, "Bibi, ngoja, ng'ombe wanapita." Unakumbuka nilikujibu nini? Nilisema, "Waache wapite, niambie kwanza unakula nini huko." Nilikuwa na hamu ya sauti yako. Nilisikia kundi linapita na hakuna mtu anayeliita, nikajua si sawa, nikakuuliza habari za mkate. Kisha nikakaa kisiwani kwangu tangu Septemba nikikutupia mafumbo na methali, kana kwamba mimi nimekaa pembeni ya jambo hili. Simu ile tulikuwa wawili. Naona haya, Iria, haya ya mtu mzima, ambayo haina pa kwenda kulia.

Umeniuliza ufanye nini. Nenda ukaseme. Useme kabla ya mishumaa, mbele ya Ignaz kwanza, na usiseme kwetu tunafanya hivi wala bibi yangu alifanya vile. Sema niliacha lango wazi, basi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwepesi ukiwa mgongoni kwa mwingine. Yule mama anaubeba wa kwako tangu kiangazi.

Wakikurudisha nyumbani, nitakupokea bandarini.

Bibi


Hinterlahn
9 Februari

Bibi,

Barua yako imefika tarehe nne. Bahasha ina alama ya maji, nadhani ilikwama na meli. Nakwambia hivyo si kwa kujitetea. Sikuhitaji barua ili kujua la kufanya.

Siku ya mishumaa walikuja wote watano, wakavua viatu, wakajipanga mezani. Mimi na Lena tulikuwa tunapitisha kahawa na maandazi. Vroni alikaa karibu na mlango, koti hajavua. Mzee Hias, ndiye mkubwa wao, alisema, "Vroni, hakuna anayekuchukia hapa. Lakini lango ni lango." Vroni akajibu, "Lango ni lango." Wakampa kijana mmoja wa bonde la pili mkono wa kumkabidhi kazi. Vroni akaweka kikombe chini, akamshukuru Burgl kwa kahawa, akatoka. Sahani ya maandazi ilikuwa mikononi mwangu. Nilifungua mdomo nikamuuliza mzee Hias kama anataka maziwa.

Hayo ndiyo niliyosema siku hiyo, Bibi. Maziwa.

Barua yako ilipofika nilikwenda zizini nikiwa sijavua mkoba wa shule. Ignaz alikuwa anakamua. Nilisema maneno uliyoniambia, bila kuongeza. Akazima mashine. Nilisikia ng'ombe wakitafuna. Nilingoja anipigie kelele, nilitamani anipigie. Alisema tu, "Vaa koti."

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Mlangoni kwa kila mkulima Ignaz alisema, "Mtoto ana neno," akasogea pembeni. Na kila mlango, Bibi, unavua viatu. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu, dole gumba lote nje. Nilisimama hivyo kwenye sebule nne, nikisema niliacha lango wazi, dole linanitazama.

Kwa mzee Hias ndiko kulikuwa kugumu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na ulikuwepo tukimwondoa?"

"Nilikuwepo."

"Ukanimiminia kahawa."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza na maziwa."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa, akatazama lile dole. "Mwana wa watu," akasema, "ulipata wapi nguvu ya kunyamaza hivyo?"

Nikamwomba wamrudishe Vroni. Akasema mkono ukishatolewa siku ya mishumaa hauondolewi, yule kijana naye ana mama anayemtegemea. Jina la Vroni watalisafisha kanisani Jumapili, kila mtu asikie. Kazi imekwenda. Maji yameshamwagika.

Mwisho tulikwenda kwake. Anapanga chumba juu ya duka la mikate. Ignaz alibaki ngazini. Vroni alikuwa anamenya viazi, akanitazama, akasema, "Hatimaye."

"Ulijua?"

"Maganda ya machungwa ukingoni. Nani mwingine anapanda mlima na machungwa?"

"Kwa nini hukusema?"

"Siku ile uso wako ulikuwa mweupe kama maziwa. Nikasema nitakushikia wiki moja, utakuja kuchukua chako. Hukuja. Na mimi nina kiburi, siwezi kumwomba mtoto aje kunitetea." "Nilikukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Siku ya mishumaa nilikusubiri mpaka nikamaliza kikombe."

Nililia pale mpaka nikaona aibu ya kulia. Akanipa kisu akasema, "Machozi hayamenyi viazi. Kaa."

Hawajanirudisha nyumbani. Naandika hivi nikiona ingekuwa rahisi zaidi wangenirudisha. Burgl bado ananiongezea chakula. Siku hizi nakimaliza.

Iria


Topo
24 Mei

Iria wangu,

Ukimya wangu safari hii si kukasirika. Ulipoandika sebule zile nne, nilikunja barua nikaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria, na kila nikitaka kujibu nikajiona mimi ndiye niliyebaki na viatu miguuni.

Tu wazima. Paroko, yule wa zizini, ameuzwa. Yule mwingine ana kikohozi. Mwaka huu taji la sikukuu ya Roho Mtakatifu, lile linalozungushwa nyumba kwa nyumba, linakaa nyumbani kwetu wiki nzima, nimepaka chokaa ukuta na nitapika supu ya mtaa mzima. Nikilitazama lile taji la fedha mezani nakumbuka la karatasi, la kwenu. Mama yako nimemwambia kila kitu. Akasema, "Mama, na wewe?" Nikamwambia ndiyo, na mimi.

Nimemtumia Vroni jibini letu zima. Si malipo, mwambie hivyo, ng'ombe na kazi havilipwi kwa jibini. Ndani nimeweka karatasi yenye neno moja la Kireno la kuomba radhi. Umtafsirie. Umwambie linatoka kwa mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa simu.

Labda unajiuliza kwa nini na mimi sijakupigia miezi yote hii. Nilikuwa nanyanyua mkono wa simu, nasikia ule mlio wake, narudisha. Naogopa kengele.

Bibi


Malisho ya Vroni, juu ya bonde la pili
21 Juni

Bibi yangu,

Nakuandikia nikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa hiyo usicheke mwandiko. Mzima mimi. Vroni amepata malisho madogo huku, mbuzi wengi na ng'ombe wachache, mshahara mdogo na paa linavuja. Hanung'uniki, ila nimewahi kumkuta asubuhi amesimama anatazama mlima wetu ng'ambo, na nikajua anachotazama. Mimi huja kila Jumamosi kumsaidia mpaka siku yangu ya kusafiri. Sikuombwa. Wiki ya kwanza nilibisha hodi, akanipa ufagio.

Jibini lako limefika. Alilionja, akafumba jicho moja, akasema, "Mwambie bibi yako linauma ulimi." Akakata kipande cha pili. Lile neno lako nilimtafsiria. Aliniomba nilisome kwa Kireno tena, halafu akaitia ile karatasi mfukoni mwa aproni na kwenda kukamua.

Ng'ombe wa Ignaz walipandishwa wiki iliyopita. Nilimuuliza Burgl kama nilishushe lile taji zizini nilichome. Akasema, "Liache. Septemba litavaliwa, Mungu akijalia." Halafu akaongeza, "Utakuwa umeshaondoka." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli tu, nitakuwa nimeshaondoka, sitaliona likishuka.

Huku pia kuna lango, na kuna genge. Jana Vroni alinisimamisha mbele yake akasema, "Funga." Nikafunga. "Litikise." Nikalitikisa. "Tena." Basi akanipa kundi lote, akashuka kulala mchana.

Simu inashika kando ya lango hilo. Jumapili baada ya misa kaa karibu na simu, Bibi, usiogope, mimi ndiye nitakayepiga. Nitakuwa upande wa ndani, na lango nimelifunga. Na ukisikia kengele zinakaribia, usiniulize ninakula nini. Niambie.

Mjukuu wako,
Iria